Sauti ya Kikombe Kinapojaa

Mtoto wa jicho alipozidi, mpaka Bibi akawa anaona kila mtu kama ukungu uliovaa nguo, binti yake alipiga marufuku: kuanzia leo Mama hagusi birika. Binti huyo alikuwa nesi wa wodi ya walioungua, na hofu ya kazini alirudi nayo nyumbani. Chai utaletewa, alisema. Bibi aliposikia "utaletewa" akajiona tayari yuko kitandani analishwa uji kwa kijiko. Chai ya alfajiri aliimimina mwenyewe tangu usichana wake. Kunyang'anywa birika kwake kulikuwa sawa na kunyang'anywa ufunguo wa nyumba.

"Mimi huyasikia maji," akasema.

Nesi akauliza huwa yanamwambia nini. Mjukuu, mtoto wa nesi, dereva wa lori aliyezoea kumwita Bibi mke wake, akavuta kiti ashuhudie.

"Kitendawili," akasema Bibi.

"Tega, mke wangu."

"Nikiwa na njaa naunguruma, nikikaribia kushiba sauti yangu nyembamba kama ya kifaranga."

Dereva akabahatisha tumbo lake. Bibi akamwambia hilo halijawahi kukaribia kushiba. Jibu ni kikombe kinachomiminiwa, na asiyeamini alete maji.

Basi Bibi akafungwa kitambaa machoni, huku akinung'unika kwamba huko ni kumfunga kamba kuku aliyekwisha kuchinjwa. Nesi akamimina maji bakulini, mara ya baridi, mara ya moto. Ya baridi yalianguka kwa makeke, yakikatika-katika kama shanga juu ya sahani. Ya moto yalishuka kwa sauti nzito, laini, kama mtu anayevua viatu asimwamshe mwenzake. Kila mara Bibi alitaja ni yapi, na hakukosea. Nesi naye, mjanja, akayachanganya.

"Hayo bado yanajishauri," akasema Bibi, na dereva akapiga meza kwa furaha.

Kisha Bibi akapewa maji baridi amimine mwenyewe katika kikombe chake cha bati. Sauti ikaanza chini, ikapanda, ikapanda, naye akasimamisha mkono ikiwa imebaki nafasi ya kidole.

Nesi hakuridhika. Akamwekea kikombe kipya cha plastiki, kinene. Bibi akamimina, akasubiri sauti ipande. Kikombe kikanong'ona tu, mpaka maji yakafurika yakamwagikia nesi miguuni. Dereva akacheka, mama yake akamtazama, akaacha.

Bibi akafungua kitambaa taratibu. Angeweza kusingizia meza.

"Huyu ni bubu," akasema. "Kwake nimeshindwa. Niachie birika langu na kikombe cha bati, cha plastiki sitakigusa."

Nesi alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. Akainama akakausha miguu. Mwishowe akasema sawa, ila alfajiri ya kwanza atakuwepo. Bibi akaongeza sharti lake: vikombe vya plastiki vihamie kwa dereva, ambaye hata chai angeinywea kwenye chupa ya soda.

Kulipopambazuka Bibi akaweka kikombe chake, akainua birika la moto. Hakumwona mtu mlangoni. Sauti ya chai ikaanza kupanda: nene, ya wastani, nyembamba kidogo. Nyuma yake, pumzi ya mtu ilikuwa imezuiwa tangu tone la kwanza.

"Pumua, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Hakijajaa bado."