Kaburi la Nne, Safu ya Kaskazini

Kitty Larch alikufa kwa homa ya mafua mwezi Novemba 1918, katika kipindi cha saba cha msimu wa tatu. Watu milioni nane walimtazama akikata roho. Hakupata kuishi kamwe: alitungwa na waandishi wawili wa tamthilia ya *Warithi wa Ravensmere*, akachezwa na msichana ambaye sasa anatangaza mafuta ya nywele, na akazikwa katika makaburi ya kanisa la Askerthwaite, Yorkshire, chini ya jiwe la povu gumu na faiba. Wapaka rangi wa kampuni ya tamthilia walilitia madoa ya kuvu kwa ustadi hivi kwamba konokono wenyewe walidanganyika.

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi niliwapeleka watu kumwona.

Nilikuwa nimefundisha historia kwa miaka thelathini na mmoja huko Harrogate. Nilipostaafu, kampuni ya utalii ilinipa maikrofoni, mwavuli mwekundu na kijitabu cha kurasa ishirini na mbili chenye maneno ya kusema kila basi linaposimama. Sharti lilikuwa moja: usiongeze, usipunguze. Nililikubali. Nilijiambia kwamba kila abiria anajua hii ni tamthilia, na uongo ambao kila mtu anajua ni uongo haumdhuru yeyote. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa, na nililigundua Jumanne moja ya mwezi wa tano.

Siku hiyo nilikuwa na abiria arobaini na sita. Asubuhi tulitembelea jumba kubwa na jiko lake, adhuhuri tukawa kwenye kituo cha reli ambako watu walipigwa picha na masanduku ya ngozi yasiyo na kitu ndani. Kiti cha tatu alikaa mwanamke mmoja peke yake, mfupi, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni, mkoba wa turubai mapajani. Orodha yangu ilisema ni Winifred Oldroyd. Hakupiga picha hata moja. Tukiwa kituoni alinijia.

"Mwalimu, makaburini tunafika saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi, mama."

"Na tunakaa muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Zinatosha," akasema, akarudi kwenye sandwichi yake ya yai.

Kaburi la Kitty ndilo lililokuwa kilele cha safari. Abiria husimama duara, kila mmoja na kishada cha maua ya urujuani mkononi, kwa kuwa Kitty aliyapenda. Tunanyamaza dakika moja. Halafu mimi nafungua ukurasa wa kumi na saba na kusoma barua aliyomwandikia mchumba wake kabla ya kufa. Wengi hulia. Nilikuwa nimeshaisoma mara mia mbili na ushee. Nilifungua mdomo.

"Usisome hiyo, mwalimu."

Winifred Oldroyd alikuwa amesimama ndani ya duara, mahali ambapo hakuna mtu husimama.

"Samahani, mama?"

"Nimesema usisome. Unamsomea mdogo wangu barua isiyo yake."

Kukawa na minong'ono. Rosalind Bickerdike, abiria aliyevaa kofia na bruchi ya kifuani kama za bibi mkubwa wa Ravensmere, alinigeukia. "Jamani, mama wa watu amechanganyikiwa. Mpeni maji."

"Maji ninayo," akasema Winifred. "Nilichokosa ni mtu wa kunisikiliza. Hapo chini amelala Clifford Oldroyd. Alikuwa na miaka minne. Alikufa kwa polio, Agosti 1947. Baba alikuwa mchunga kondoo, akamwekea msalaba wa mti, nao ukaoza. Mimi nilijua alipo, basi ikatosha. Nikawa naja kila mwaka. Mwaka juzi nimekuja nikamkuta huyu binti wenu amemkalia."

"Umewaeleza kanisa?" nikauliza.

"Nimeandika barua kumi na moja. Kwa kanisa, kwa watu wa tamthilia, kwa kampuni yako. Wote wamenijibu kwa adabu. Hiyo adabu yao ninayo, imejaa droo nzima. Mmoja alinitumia picha ya Kitty yenye saini."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajutia kicheko chake. Mimi nilimwuliza swali ambalo ningemwuliza mwanafunzi yeyote.

"Una ushahidi?"

"Watu kumi na moja hawakuniuliza hivyo," akasema, akafungua mkoba.

Alitoa nakala ya ukurasa wa daftari la mazishi, yenye muhuri wa ofisi ya kumbukumbu za kale, na nakala ya ramani ya makaburi iliyochorwa na kasisi mwaka 1931. Kisha akatoa futikamba. Safu ya kaskazini ilikuwa ya watoto. Namba nne, ndiyo ya Clifford kwa mujibu wa daftari, ilikuwa futi kumi na nane kutoka ukutani na futi thelathini na moja kutoka pembe ya chumba cha makaa. Nilimwita Desmond, dereva wetu, aliyekuwa ameegemea lango akila tufaha.

"Shika huku mwisho," nikamwambia.

"Tunashona suti ya nani, mkuu?"

"Shika tu, Desmond."

Tulipima mara mbili. Vipimo viwili vilikutana chini ya jiwe la Kitty, kwa tofauti ya inchi tatu, na wachimba kaburi hawachimbi kwa rula. Nilikunja futikamba na kuwaambia abiria kilichokuwa kweli: "Mama Oldroyd yuko sahihi. Hili ni kaburi la mtoto."

"Hata kama," akasema Rosalind Bickerdike. Macho yake yalikuwa mekundu, sikudhani anaigiza. "Mimi nimekuja hapa mara tatu. Nililia hapa mwaka niliofiwa na mume wangu. Kwani huyo mtoto atakasirika? Si wanaweza kukaa wawili?"

"Wawili wapi, mwanangu?" akasema Winifred. "Mmoja hayupo."

Wakati huo Bwana Pickersgill, mzee wa kanisa, alikuwa anakuja mbio za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Alikuwa amevaa tai yenye picha za kondoo.

"Mama Oldroyd, tulishaongea jambo hili."

"Uliongea wewe. Mimi nilishika simu."

"Paa la kanisa linavuja. Kitty analeta watu. Ukweli usemwe, ameisaidia parokia hii kuliko maaskofu watatu."

"Basi mwekeni madhabahuni."

"Na sheria unaijua," akaendelea, sasa akinitazama mimi kama mtu mwenye akili timamu mwenzake. "Jiwe haliondolewi makaburini bila kibali cha mahakama ya dayosisi."

"Wala haliwekwi," nikasema. "Hili liliwekwa kwa kibali?"

"Kilikuwepo. Cha kupigia picha za tamthilia."

"Cha siku ngapi?"

Alirekebisha tai. "Kumi na nne."

Tarehe za kupiga picha zimo ukurasa wa kumi na sita wa kijitabu changu. Nilipiga hesabu na kumpa jibu: zilikuwa zimepita siku elfu moja na themanini na tatu.

Winifred hakungoja tumalize. Aliweka mkoba chini, akapiga goti moja, akalikumbatia lile jiwe kiunoni na kuvuta. Vyuma viwili vilivyolishikilia ardhini vililia, vikatoka. Mwanamke wa miaka themanini na mitano akasimama na jiwe la kaburi kwapani, kama mtu anayebeba mto kwenda kulala. Mtu alipiga yowe. Nyasi zilizokuwa chini yake zilikuwa nyeupe, zimelala.

"Huo ni wizi!" akasema Pickersgill.

"Ndiyo. Ita polisi."

"Mama Oldroyd..."

"Waite. Simu unayo. Kwa nini unadhani nimekuja na basi lenye mashahidi arobaini na watano? Polisi watauliza jiwe limeibwa wapi. Utawaambia kwenye kaburi. Watauliza kaburi la nani. Hapo itabidi mtu aandike. Nikishtakiwa, hakimu naye aandike. Yaliyo kwenye barua zangu hakuna aliyeyaandika popote. Haya, ita."

Niliona uso wa Pickersgill ukielewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kelele kuliko dhambi, na watu wa namna hiyo ndio wanaoendesha mambo mengi katika nchi hii. Akatabasamu.

"Hakuna haja ya polisi," akasema kwa upole. "Lichukue tu, mama. Ni povu. Kampuni ilitengeneza mawili, la pili tunalo stoo. Alhamisi litakuwa limesimama hapa, hakuna aliyekosana na mtu. Nikuletee chai?"

Winifred alikaa kwenye nyasi pale pale, jiwe mapajani. Hakulia. Ila mkono wake ulianza kupapasa maandishi ya jina lisilo la mtu, herufi moja moja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana na umri wake. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, hata jela. Chai hakuwa amejiandaa nayo.

Simu yangu ililia. Alikuwa meneja wangu kutoka York. Kumbe abiria mmoja alikuwa ameshapiga namba iliyo nyuma ya tiketi.

"Gilbert, kuna nini huko? Soma barua, wapandishe watu, ondokeni."

"Ukurasa wa kumi na saba una kosa," nikasema.

"Kosa gani?"

"Kaburi."

"Sikuelewi. Ukiongeza neno moja nje ya kijitabu, Alhamisi usije."

"Vyema. Naomba basi unipishe, nina simu ya kupiga."

Nilikata, nikapiga namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura. Muziki wa kusubiri ulianza. Pickersgill alinishika kiwiko.

"Bwana Haigh, tafadhali. Basi lenu linatakiwa kuondoka. Si mna ratiba?"

Kweli ratiba tunayo, na sijawahi kuchelewa. Nilimtazama Desmond. Desmond alilitazama tufaha lake lililobaki kikonyo.

"Haliondoki," akasema. "Sheria ya madereva. Nikiendesha kwa muda wa saa nne na nusu lazima nipumzike dakika arobaini na tano. Kule stesheni mlinifanya nisogeze basi mara mbili, kwa hiyo yale mapumziko yamekufa." Akaangalia saa. "Haya mapya yanaanza sasa hivi. Nikiondoka mapema, mzee wa kanisa, ni kosa la jinai. Hutaki tufanye kosa hapa kwenye ardhi takatifu, au siyo?"

Baadhi ya abiria walianza kurudi kwenye basi wakinung'unika. Wengi walibaki. Rosalind Bickerdike alibaki, ingawa alikuwa amenipa mgongo, na alisema kwa sauti ya kusikika kwamba atadai fidia. Alikuwa na haki ya kudai. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia fomu iko kwenye mfuko wa nyuma wa kiti cha kwanza.

Muziki ukakatika. Sauti ya mwanamke kijana ikaniuliza shida yangu.

"Naripoti wizi," nikasema. "Mimi ni shahidi."

"Kimeibwa nini?"

"Jiwe la kaburi. La bandia."

"Thamani yake?"

"Sijui. Andika haijulikani."

"Limeibwa wapi?"

"Makaburi ya kanisa, Askerthwaite. Safu ya kaskazini, kaburi la nne."

"Kaburi la nani?"

Pickersgill alifumba macho.

"La Clifford Oldroyd," nikasema. "Miaka minne. Alizikwa tarehe kumi na tisa Agosti 1947. Daftari la mazishi, kitabu cha sita, ukurasa wa themanini na nane. Ninayo nakala yenye muhuri mkononi."

Nilizisikia funguo za kompyuta zikigongwa upande wa pili. Zilichukua muda. Winifred alikuwa ameinua kichwa.

"Na aliyeiba unamfahamu, bwana?"

"Yuko hapa."

"Anamtishia mtu?"

Nilimtazama. "Amekaa kwenye nyasi."

"Basi sidhani kama leo tutapata askari wa kumtuma huko. Lakini nitalisajili tukio na kukupa namba ya kumbukumbu. Jina la mtuhumiwa unalijua?"

Mkono mfupi wenye udongo kwenye kucha ulinyooshwa kuelekea simu.

"Nipe mimi," akasema Winifred. "Hilo nitalitaja mwenyewe."

Nikampa. Alisimama kwanza. Aliliacha jiwe lilale kifudifudi, akafungua kifungo cha juu cha koti lake.

"Halo? Winifred Oldroyd. Dada yake. Nimeliiba kwa makusudi, mchana kweupe, na sikushurutishwa na mtu. Na Alhamisi wakiweka lingine, nitakuja kuliiba na hilo. Andika hivyo hivyo, usinilainishie." Akasikiliza. "Ndiyo, nina nafasi. Basi halijaondoka." Akasikiliza tena, akageuza uso kuelekea ukuta wa kaskazini. "Kabla hujanipa hiyo namba, binti yangu, nisomee ulichoandika. Pole pole. Anzia kwenye jina la mtoto."