Kadi ya Ukutani

Mama Pacha hakuwa amesema na wifi yake tangu jana jioni, na hakuona sababu ya kuanza asubuhi. Walilala chumba kimoja, vitanda viwili vilivyoachana kwa upana wa begi, kila mmoja kampa mwenzake mgongo.

Ugomvi ulianzia mapokezi. Hoteli yenyewe haikuwa na neno: ya wafanyabiashara, bei ya kistaarabu, maji ya moto, chai ya asubuhi humo humo, na dakika tano kwa miguu hadi ukumbi wa maonyesho. Ila kila chumba kilipewa kadi moja tu ya kufungulia mlango. Wifi alinyoosha mkono aipokee. Mama Pacha akaiwahi, akaitia kwenye mkoba na kufunga zipu.

"Mwaka huu umeshapoteza funguo za karakana mara mbili," alisema mbele ya mhudumu. "Hii nashika mimi."

"Sawa, mwenye mali," wifi akajibu, na mazungumzo yakafia hapo.

Huyo wifi mtaa mzima walimwita Mwalimu, ingawa alifundisha mihula miwili tu akaacha. Mume wa Mama Pacha, fundi wa kuchomea vyuma, ndiye aliyepaswa kuja, lakini alianguka kwenye ngazi na mguu ukawa kwenye plasta. Akawatuma mkewe na dada yake waje pamoja. Mwanamume mwenye akili timamu asingefanya hivyo, lakini alikuwa na maumivu.

Walichokuja nacho kilikuwa katikati ya vile vitanda, kikinguruma taratibu: mashine ya kutotolea vifaranga, aliyoibuni fundi mwenyewe, sanduku lenye kuta nene na kioo juu. Ndani mlikuwa na mayai thelathini. Yaliwekwa siku ishirini na moja zilizopita kwa hesabu maalumu, ili yaanguliwe leo, mbele ya macho ya mwenyekiti wa chama cha wafugaji. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kwamba akiona vifaranga wanatoka, chama kitaagiza mashine arobaini. Asipoona, basi. Na bila oda hiyo karakana ingefungwa mwisho wa mwezi; mafundi wawili walikuwa wameshaambiwa watafute kwingine.

Umeme wa mabanda ungewashwa saa tatu, ndiyo maana mashine ililala hotelini.

Alfajiri wifi aliamka, akachungulia kioo, akavaa, akaenda zake ukumbini kupanga banda. Hakuaga. Mama Pacha alipoinuka naye akachungulia. Mayai manne yalikuwa na nyufa, na moja lilikuwa linatikisika. Kipimajoto kilisoma thelathini na saba na nusu. Akaoga, akafunga kilemba, akachukua mkoba. Pale mlangoni akaona kitu kimechomekwa kwenye kishikio cha ukutani: kadi ya benki ya wifi yake.

Jana kijana wa mizigo alichomeka kadi ya chumba hapo hapo, na Mama Pacha akadhani ni mahali pa kuwekea kadi isipotee. Aliichomoa mara tu kijana alipotoka, kabla hajavua hata viatu, akateremka kuulizia saa ya chai. Aliporudi taa zilikuwa zinawaka kama kawaida, wala hakujiuliza. Hakuwahi kulala hoteli ya namna hiyo.

Sasa akaikodolea macho ile kadi ya benki. Mwanamke mzima, anasahau benki yake ukutani kama kalenda. Akaichomoa. Mwanzoni alitaka akamkabidhi. Halafu akapata wazo tamu zaidi: ataikalia kimya, amwangalie Mwalimu anavyojipekua mifukoni mbele za watu. Akaitia mkobani kando ya ile nyingine, akafunga mlango, akateremka kunywa chai. Ilikuwa saa moja kamili. Nyuma ya mlango, baada ya nusu dakika, taa zilizimika, na mngurumo nao ukakoma.

Alikunywa chai yake vizuri, mayai mawili, mkate, tunda. Mwenyekiti alikuwa meza ya pili, mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi likasimama.

"Tuko pamoja saa nne, mama?"

"Saa nne, mwenyekiti. Yameshaanza kupasuka."

Ukumbini mambo yalikuwa shaghalabaghala. Umeme wa mabanda uliahirishwa hadi saa nne. Wifi alikuwa juu ya kiti, anabandika bango, misumari mdomoni. Mama Pacha akakaa, akasubiri upekuzi uanze. Wifi alinunua maji kwa pesa taslimu. Alinunua gundi. Hakujipekua hata mara moja. Ilipofika saa nne kasoro robo Mama Pacha akashindwa kujizuia.

"Wewe, kadi yako ya benki iko wapi?"

Wifi hakugeuka. "Ya nini?"

"Nauliza tu. Watu wengine huwa hawajui vitu vyao viko wapi."

"Iko ukutani chumbani. Inashikilia umeme wa mashine. Si wewe uliyekumbatia ya chumba jana mpaka taa zikazimika?"

Mama Pacha akafungua zipu. Akaitoa kadi, akaiweka mezani.

Wifi aliitazama, kisha akamtazama yeye.

"Umeitoa saa ngapi?"

"Saa moja."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na ulikuwa hutaki hata kunitazama?"

Walitoka mbio, wanawake wawili wa makamo na vitambulisho vikiwapiga kifuani, wakigombana njia nzima bila kupunguza mwendo.

Chumbani palikuwa na joto la kufungiwa, na kimya. Wifi akachomeka kadi. Feni ya mashine ikaamka. Kipimajoto: thelathini na tatu. Mayai yenye nyufa yalikuwa bado manne, wala hakuna lililotikisika.

"Umeua," wifi akasema. "Umeua riziki ya kaka yangu kwa roho mbaya tu."

"Nimeua, ndiyo. Sasa nyamaza niyasikilize mayai."

"Tutamwambia mwenyekiti umeme wa hoteli ulikatika."

"Analala chini yetu. Shati lake kapiga pasi asubuhi hii. Wewe unadhani kapiga kwa mkaa?"

Mlango ukagongwa. Mwenyekiti alikuwa amefika bandani, akaambiwa wamekimbilia hotelini. Wifi akavaa tabasamu. "Karibu, mwenyekiti, bahati mbaya tu umeme wa hapa…"

"Umeme nilizima mimi," Mama Pacha akamkata. "Saa moja. Saa tatu nzima mashine imekaa bila moto. Sikujua kama hiki kidude ndicho kinachowasha chumba, na huyu hakuniambia kwa sababu tumenuniana. Hakuna kifaranga hata mmoja. Ukitaka kusubiri kuna kiti. Ukitaka kwenda, nenda."

Wifi alimkata jicho ambalo lingetosha kupasua mayai yote thelathini.

Mwenyekiti alipiga magoti, akakisoma kipimajoto. "Saa tatu, na kimeshuka nyuzi nne na nusu tu?" Akaomba ruhusa, akafungua, akalitoa yai moja lenye ufa na kulisogeza sikioni. Alikaa hivyo muda mrefu. Akalirudisha.

"Kwetu umeme ukikatika kwa saa tatu tu tunashukuru," alisema. "Mimi gari langu saa nane. Nitakaa."

Wakakaa. Mwenyekiti kwenye kiti, wao kila mmoja kitandani kwake, hakuna anayesema na mwenzake. Mhudumu akaja kubadilisha shuka, akaona nyuso zao, akarudi alikotoka. Saa sita na nusu yai la pembeni likasukumwa kutoka ndani na kipande cha ganda kikaruka. Kifaranga akatoka amelowa, mbaya wa sura, akajilaza chali. Mpaka saa nane kasorobo walikuwa wametoka saba.

"Arobaini siwezi kuwaombea kwa vifaranga saba," mwenyekiti akasema, akijipangusa magoti. "Nachukua kumi za majaribio. Zikifanya kazi, tutaongea." Akaandika palepale, akasaini, akaondoka kuwahi gari.

Kumi zingewatosha mafundi wawili kwa miezi mitatu. Mama Pacha alikunja karatasi, akaitia mkobani, akafunga zipu. Wifi alikuwa ameshapiga simu.

"Kaka? Ndiyo. Mkeo alizima mashine asubuhi nzima." Akamtazama Mama Pacha. "Nimesema alizima. Ngoja nimalize basi. Wamechukua kumi."

Akakata, akaitupa simu kitandani.

"Ungeanza na zile kumi," Mama Pacha akasema.

"Wewe ungeanza na lipi?"

Mama Pacha alifikiri. "Na hilo la kuzima," akasema, akainama kuhesabu vifaranga upya.