Iroda Haongei kwa Mafumbo

Walimu walikuja kwetu Alhamisi alasiri. Mama mkwe wangu, Bi Karomat, alikuwa ameshatandika magodoro kuzunguka meza fupi uani, chini ya mzabibu. Walikuwa wawili: Mwalimu Barno, anayemfundisha binti yangu Iroda darasa la pili, na Mwalimu Mkuu Saodat, mwanamke ambaye haachi ofisi yake kwa ajili ya maongezi tu.

Nilijua kilichowaleta. Jumatatu kengele mpya ya umeme ilipolia kwa mara ya kwanza, Iroda alitoka mbio darasani akajifungia kwenye stoo ya mafagio, akapiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Sasa walitaka asomee nyumbani, awe anafuatwa na mwalimu mara mojamoja. Mimi nilitaka abaki darasani. Mwanangu anaipenda shule. Jumapili hunung'unika kwa sababu imefungwa.

Daktari wa Tashkent, mji wetu mkuu, alishanipa jina la hali yake: Asperger. Alinieleza, nami nikasoma zaidi kwenye masomo ya jioni ninayohudhuria baada ya kazi, mpaka nikaelewa kwamba akili ya mtoto ni nzima, ila masikio yake hayana mlango. Kila kitu kinaingia tu. Alihitaji aambiwe kabla kengele haijalia, akae karibu na mlango wa darasa, na apate mtu wa kuwa naye pale mambo yanapomzidi.

Lakini asubuhi ile jikoni mama mkwe alikuwa amenishika mkono. "Hilo jina la daktari lisivuke kizingiti, mwanangu. Washenga wa Feruza wanakuja pamba ikishavunwa. Wakisikia kuna neno kwenye ukoo, watapita mlangoni kwetu kama hawaujui."

Feruza ni wifi yangu, na nampenda. Tena kwetu mke wa mwana hasemi mbele ya wageni wa mama mkwe wake. Kazi yake ni kuleta chai na kuondoa sahani. Basi nikaleta chai.

"Mtoto ana adabu tu, walimu wangu," mama mkwe alikuwa anasema. "Mtazameni. Hainui macho mbele ya wakubwa. Siku hizi utamwona wapi wa namna hii?"

"Ni kweli, Bi Karomat," akajibu Mwalimu Barno. "Hata mimi nilimsifu. Msichana macho chini, hana porojo! Niliwaambia wenzake wamwige. Ndiyo maana Jumatatu nilishangaa. Nikasema, kumbe ni deko."

Nusura niangushe sahani ya zabibu kavu. Mwaka mzima mwanangu alishindwa kumtazama mtu usoni, na wao wakaona malezi mema.

"Iroda," mama mkwe akaita, "njoo uwamiminie walimu chai, waone."

Iroda akaja. Akashika birika kwa mikono miwili, akajaza bakuli dogo la chai la Mwalimu Mkuu mpaka chai ikasimama ukingoni.

Kwetu mgeni anayependwa hutiliwa chai kidogo tu, ili arudishe bakuli tena na tena, akae. Bakuli likijaa, mgeni anaelewa: kunywa, uvae viatu.

"Haya," akasema Mwalimu Mkuu. "Tumefukuzwa."

"Astaghfirullah!" Mama mkwe alijishika shavu. "Amesahau, mwalimu, ni mtoto huyu!"

"Sijasahau," Iroda alisema, macho kwenye birika. "Bibi ndiye alinifundisha. Nataka waende. Mnaongea wote pamoja na kijiko kinagonga."

Mwalimu Barno akaacha kukoroga sukari.

Nikasema, "Mama, nisamehe," kisha nikawageukia walimu kabla ujasiri haujanikimbia. "Huyu haongei kwa mafumbo wala hayaelewi. Hana deko. Macho yake yako chini kwa sababu nyuso zinamchosha. Daktari anaiita Asperger. Mwambieni jambo waziwazi, atalishika kuliko sisi sote. Kengele hamkumwambia. Kwake ni kama mtu kampiga kofi gizani. Aambiwe mapema, akae karibu na mlango, na apate mtu wa kuwa naye mambo yakimzidi."

Mama mkwe hakunitazama. Nilisubiri aniambie niende jikoni.

Mwalimu Barno ndiye aliyesogea, polepole. "Iroda, nikikwambia mapema kwamba kengele inakaribia, utafanya nini?"

"Nitaziba masikio."

"Hutakimbia?"

"Nikishaziba, nikimbie niende wapi?"

Mwalimu Barno alicheka, halafu akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Na mimi nilisema deko," akanong'ona.

Mwalimu Mkuu hakuwa mwepesi hivyo. "Kumwambia tutamwambia. Mlangoni atakaa. Lakini mtu wa kuwa naye sina, binti. Nitaomba mmoja wilayani, na wilaya inajibu ikipenda. Akitoroka tena kabla hawajajibu, nani atamfuata? Barno ana watoto darasa zima."

Mchana nashona kiwandani; hata siku ile niliomba ruhusa, na kazi siwezi kuiacha. Niliona mwanangu anaanza kuniponyoka.

"Nitakaa mimi," akasema mama mkwe.

Wote tukamgeukia. Alikuwa anakusanya makombo ya mkate kiganjani, moja moja.

"Nyumbani nashona kofia, na pale kwenu nitashona kofia. Nipeni kiti cha nyuma."

"Na washenga, Mama?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Washenga wakija watanikuta shuleni. Asiyemtaka mjukuu wangu, Feruza wangu simpi."

Mwalimu Mkuu aliinuka kutafuta viatu vyake. "Jumatatu basi. Mje wote wawili kabla ya mstari wa asubuhi."

Iroda alikuwa anafikiri. "Bibi," akasema, "darasani hairuhusiwi kulala. Wewe unakoroma."

"Sikoromi!"

"Unakoroma. Nitakuamsha," Iroda akasema. "Lakini nitakwambia kwanza."