Kilo Mbili za Maji

Mama yangu anauza nafaka. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, huweka jiwe la chuma la kilo ishirini juu ya mizani, akainama, akautazama mshale mpaka utulie. Ukisimama kwenye ishirini, anafungua mlango. Usiposimama, hakuna biashara mpaka fundi aje. Wateja wanamwita Mama Mizani, na wapo wanaopita maduka mengine yote njiani kuja kununua maharage kwake, kwa sababu wanajua hawatapunjwa. Mimi nimekua na sifa hizo masikioni na nilikuwa nazionea fahari. Sikujua kwamba iko siku mimi ndiye nitakayepandishwa pale juu kama gunia.

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, figo zake zote mbili zilikufa. Alikuwa fundi wa simu, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Akaja kuwa mtu wa kwenda hospitali kila mara kulala kando ya mashine inayomsafisha damu, akirudi hana nguvu ya kufungua hata kifuniko cha chupa. Tulipimwa familia nzima. Mama akakataliwa kwa sababu ya presha. Mke wa Kitinda, wifi yangu, damu zao hazikukubaliana. Mimi nikafaulu kila kipimo isipokuwa kimoja, na hicho mtu angekiona hata bila kunipima.

"Wewe ni mnene mno," daktari akaniambia. Alikuwa mama wa makamo asiyependa kuzunguka maneno. "Nikikupasua hivi nitakuhatarisha. Punguza kilo nane kwanza, ndiyo uje. Lakini usilegee, hali ya mdogo wako si ya kungojea."

Nikasema nitapunguza, na nilisema kwa moyo wangu wote. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye hakuna aliyetaka kulisikia.

Sasa, mimi kazi yangu ni bekari. Nilikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi: nakanda, nakata, napanga kwenye trei, nasukuma kwenye tanuri. Watu wote wanaamini unene wangu umetoka huko. Ukweli ni kwamba mtu akikanda mikate miaka yote hiyo hata harufu yake inamkinai. Nimekuwa bonge tangu utotoni, kama shangazi zangu wote. Lakini mtu bonge anayefanya kazi bekari hana wa kumtetea. Hata akishika mswaki watu wanadhani ni kijiko.

Nikaanza mazoezi siku iliyofuata. Nikaruka kamba uwani, nikakimbia kwenda kazini, nikapanda na kushuka ngazi za jengo letu mpaka majirani wakauliza kama nimepoteza kitu. Nikaacha soda, nikaacha sukari, nikaacha kuonja hata kilichonihusu kuonja. Mapaja yakaniuma hivi kwamba ngazi nilizishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta. Wenzangu bekari wakanicheka, nami nikacheka nao. Kwa kweli nilikuwa na furaha. Kila msuli ulioniuma niliona kama nimemvuta Kitinda hatua moja kutoka kwenye ile mashine.

Mama akaamua nipimwe dukani kwake kila Jumamosi. Alikuwa amenipima mwanzo kabisa, siku tuliyotoka kwa daktari. Nikamwambia hospitali nako kuna mizani.

"Ya hospitali siijui," akasema. "Hii naijua."

Jumamosi ya kwanza tulikuwepo wote. Kitinda amekaa juu ya gunia la maharage, amevaa sweta wakati sisi wengine tunatoka jasho. Wifi yangu amesimama nyuma yake. Kaunta ilikuwa na wateja wawili wanangoja mchele. Nikavua viatu nikapanda, nimetabasamu hadi masikio. Mama akainama. Mshale ukayumba, ukatulia.

"Imeshuka ngapi?" Kitinda akauliza.

Mama akainama tena. "Imepanda," akasema. "Kilo mbili."

Nikateremka. Mama akalichukua lile jiwe la kilo ishirini, akaliweka. Mshale ukaenda kwenye ishirini. Akaliondoa, akaliweka tena. Ishirini.

"Mizani iko sawa," akasema, akanitazama usoni.

"Labda ni nguo, Mama," Kitinda akasema, akijaribu kuniokoa. Nguo ilikuwa ileile niliyopimiwa mwanzo, na Mama alilijua hilo, kwa kuwa ndiye aliyesisitiza niivae.

Wiki ile nikajitesa. Nikazidisha kamba, nikazidisha ngazi, nikala mboga za kuchemsha mpaka nikawa na hasira na kila kiumbe. Jumamosi ya pili mshale haukushuka hata kidogo. Wifi yangu akanisogelea tulipokuwa tunatoka, akanishika mkono kwa adabu.

"Wifi," akasema, "mtu hanenepi kwa hewa."

Ningemtukana, lakini mume wake alikuwa anashuka kwenye gunia na anahitaji kushikwa, kwa hiyo nikaenda kumshika.

Nikarudi kwa daktari, machozi yakinilengalenga. Akanisikiliza, akaniuliza kama gauni limenibana. Nikasema hapana, kiunoni linanipwaya.

"Basi unaendelea vizuri," akasema. "Misuli uliyoilaza miaka yote umeiamsha kwa ghafla. Imeumia kidogokidogo, na ili ijitengeneze inavuta maji. Tena inaweka akiba ya sukari, na akiba hiyo nayo inashika maji. Hayo ndiyo mnayoyapima. Baada ya wiki chache yatapungua, na mtaona mafuta yaliyokwisha kutoka. Usiache mazoezi, ila usijiue nayo."

Nilitoka pale nimepona. Nikaenda moja kwa moja dukani, nikasubiri wateja wapungue, nikamweleza Mama neno kwa neno. Alikuwa anafunga gunia la mahindi. Nilipofika kwenye maji, mkono wake ukasimama.

Inabidi mtu aelewe. Kwa mama yangu, maji ndiyo lugha ya wezi. Wapo wanaomletea mahindi waliyoyanyunyizia ili yawe mazito, naye akishanunua yanakauka, kilo zinatoweka. Akiwaita, wanasema palepale, ni maji tu hayo, Mama, yametoka yenyewe. Amelia kwa ajili ya maneno hayo, mimi nikiwa mdogo nikimwona. Ningemwambia nimerogwa angenisikiliza zaidi.

"Maji," akasema.

"Daktari ndiye kasema."

"Daktari kakuona ukila? Kasema kwa uliyomwambia."

"Mama, wewe unajua kuliko mtu yeyote kwamba maji yana uzito."

"Najua," akasema, akakaza kamba ya gunia. "Na nawajua wanaoyataja."

Jioni ileile akaja kwangu na kanga ya kufungia nguo zangu, akanihamishia kwake. Kabati la chakula akalitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na wa duka. Nikala alichonipa, saa aliyonipa, mezani, mbele yake. Nilikuwa mtu mzima mwenye nyumba yangu na wafanyakazi chini yangu, na nilikuwa nagongewa mlango wa choo niulizwe nafanya nini humo.

Halafu akaenda bekari. Hakuniambia. Nilimwona tu amesimama katikati ya meza za kukandia, amevaa kijora chake cha dukani, anaongea na mwenye bekari kwa sauti ya mtu anayeomba msaada. "Nakuomba mwanangu asikae karibu na mikate. Mdogo wake anakufa, naye anakula." Wenzangu wote walisikia. Mwenye bekari ni mtu mpole, alinihurumia, na kwa huruma hiyo akanihamishia uwani kuosha trei. Zamu yangu akapewa mwanamke niliyemfundisha mimi kuwasha tanuri.

Nilimpigia Mama kelele usiku ule kama sijawahi kumpigia mtu. Nikamwambia amenivua nguo mbele za watu. Akaniacha nimalize.

"Nina watoto wawili," akasema. "Mmoja ananenepa."

Ningeweza kuyameza hayo yote, wallahi ningeyameza, kama si Kitinda. Nilikwenda kumwona hospitali akiwa kwenye mashine, ile mirija imejaa damu yake inayotoka na kurudi. Tulizoea kutaniana pale. Ananiita gari la akiba, namwambia spea ni ghali siku hizi. Siku hiyo hakutania.

"Dada," akasema, "kama unaogopa, sema. Sitakuchukia. Ila usinizungushe."

"Naogopa, ndiyo. Nani haogopi kisu? Lakini sili, Kitinda. Naapa sili."

"Mama aliliweka lile jiwe mara mbili," akasema. "Nilikuwepo."

Nikaanza kumweleza habari ya misuli na maji. Nilijisikia mwenyewe nilivyokuwa nasikika. Akafumba macho katikati ya maneno yangu, nikakaa pale mpaka mashine ilipozimwa. Nilimfunga viatu, kama kawaida, naye akaniachia miguu.

Jumamosi iliyofuata, mshale ukashuka. Ulishuka sana, kama daktari alivyosema, maji na mafuta kwa pamoja, na Jumamosi nyingine ukashuka tena. Niliruka kutoka kwenye ile mizani nikataka kumkumbatia mtu. Nikageuka. Mama alikuwa ameshika ufunguo wa kabati shingoni kwake, ameukamata kwenye ngumi, anamtazama wifi yangu, na wifi yangu anatikisa kichwa polepole. Hapo nikaelewa. Walikuwa wamefunga kabati, na bonge amepungua. Ushahidi gani tena wangetaka?

Nikaendelea kuruka kamba. Nilifanya nini kingine? Kilo nane zikafika, zikapita. Daktari akatukubali, tukalazwa, tukapasuliwa. Figo yangu ikaamka ndani ya mdogo wangu siku hiyohiyo, ikafanya kazi kana kwamba ilikuwa imechoka kukaa kwangu.

Sitasema sikufurahi. Nililia kwa furaha, na kulia kukauma kwenye mshono. Lakini wageni walipokuja kutuona, nilikuwa nimelala nyuma ya pazia nikimsikia Mama akiwasimulia. Kwamba haikuwa rahisi. Kwamba huyu mkubwa alikuwa anakula kwa siri huku mwenzake anakwisha. Kwamba kama si yeye kusimama imara na mizani yake, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Wageni wakampongeza. Mama mwenye msimamo, walisema. Mmoja akaja upande wangu, akanipigapiga mkono, akaniambia la muhimu ni kwamba mwishowe nilijirekebisha.

Siku ya nne au ya tano Kitinda akaja mwenyewe kitandani kwangu, anasukuma chuma cha dripu. Uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi. Mama alikuwa amekaa karibu yangu anamenya chungwa, na muuguzi anabadilisha shuka la kitanda cha pili. Kitinda akakaa ukingoni, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. Kwa muda mrefu sana mkono ule ulikuwa baridi.

"Dada," akasema, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, "nataka ujue nimekusamehe. Yale ya kula. Yamekwisha. Sina kinyongo na wewe hata kidogo."

Nikafungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, misuli, maji, gauni linalopwaya, nilikuwa nimeyarudia nafsini mwangu mpaka yamechakaa. Nikamtazama. Alikuwa amekaa wima, anapumua vizuri, anangoja jibu langu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Asante," nikasema.

Mama akaweka ganda la chungwa kwenye sahani, akamgeukia muuguzi.

"Umesikia?" akasema. "Hata yeye mwenyewe amekubali."