Mistari Miwili Mrijani

"Lete kidole," alisema Ndugu Damas, mpimaji wa damu, sindano mkononi. "Leonia aliyekuwa akitutolea damu kahamishiwa Ipole, nami nataka damu isiyo na kasoro ya kulinganishia. Leo utatoa wewe."

Zamda alijifuta mkono, akatoa kidole. Mwaka wa tatu huu alikuwa akiosha na kujaza mirija ya kioo katika maabara ya hospitali, mirija myembamba kuliko bua la mtama, lakini damu yake haikuwahi kuingia humo. Kazi yake ilikuwa jeli ya kupitishia damu. Aliikoroga, akaishusha taratibu mrijani kwa bomba la sindano, akagonga kioo kwa ukucha mpaka kiputo cha mwisho kiibuke juu na kupasuka. Kisha tone la maji, ili igande na uso ulionyooka. Cheti hakuwa nacho, ila mikono alijaliwa.

Asubuhi hiyo walikuwa wakimpima mtoto wa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Bukene, aliyeletwa kwa treni vidole vimevimba na kung'aa. Zamda hakutaka kuvitazama. Wanawe wawili walikufa na vidole vya namna ile.

Ugonjwa huo wa damu aliujua, ila ulikuwa wa watu wengine. Wake yeye walirogwa, na mchawi alimjua: wifi yake Mwanamkuu, aliyewabeba wote wawili siku ya arobaini ya kuzaliwa kwao. Alilisema hilo kisimani, mbele za watu, na mtaa mzima wa Chemchem ukasikia. Tangu hapo hakuna mama aliyempa Mwanamkuu mtoto ambebe. Mwaka wa sita sasa.

Umeme ukawashwa, damu ikaanza kushuka ndani ya jeli. Saa sita wakasimama kutazama. Mrija wa mtoto ulikuwa na mstari mmoja mwekundu, uliobaki nyuma. Wa Zamda ulipaswa kuwa na mmoja pia, uliotangulia mbele. Ulikuwa nao. Nyuma yake ulikuwapo wa pili, sawasawa na ule wa mtoto.

"Nimeacha kiputo," alisema Zamda.

"Hakuna kiputo humo, dada. Lakini rudia."

Akarudia. Aligonga kioo mpaka ukucha ukamuuma. Saa kumi mistari ilikuwa miwili.

"Wewe huumwi," alisema Ndugu Damas. "Umeubeba tu. Ila ukikutana na mume aliyeubeba naye, mtoto anaweza kuuchukua kwenu nyote wawili, na huyo ndiye anayeugua." Akasita. "Una watoto?"

Zamda alivuta kreti la chupa. Akakaa juu yake. Alichokiona si mistari tena, ni siku ile kisimani: Mwanamkuu ameshika ndoo, maji yanammwagikia miguuni. Mungu wangu, na watu walivyomcheka.

Jioni hakwenda kwake. Alisimama kwenye mlango ambao miaka sita alikuwa akiupita ameangalia pembeni.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, wifi. Zamda."

Ndani, mwiko uliokuwa ukisonga ugali ukanyamaza. Nyayo zikaja polepole mpaka mlangoni, zikakoma. Zamda alingoja, pamba ingali kidoleni. Akasikia mkono ukiligusa komeo, ukatulia hapo.