Wastani wa Shule ya Bondeni

...na huyu kinyozi naye hamalizi, amekishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na atanyang'anywa kweli, mkurugenzi wa elimu keshaitazama saa yake, keshakohoa, na Mwenyekiti anakijua kile kikohozi, amekaa naye kwenye meza hii ya mbele tangu bodi ya elimu ya wilaya ilipochaguliwa, maana yake ni "mama, tupige kura watu waende zao", na wa kwanza kutaka kwenda zake ni yeye mwenyewe, miguu imemvimba, viatu amevivua kisirisiri chini ya meza, bahati nzuri kitambaa cha meza kinafika sakafuni na hakuna anayemwona mwenyekiti mzima wa bodi akiwa pekupeku, ajenda imebaki moja tu, kuifunga shule ya bondeni na kuwagawa watoto wake kwenye shule nyingine, wajumbe wamesema yote ya kusema, nusu wanataka ifungwe, nusu hawataki, kura ya kuamua ni yake, na kura hiyo ameileta kutoka nyumbani ikiwa imeshaiva, ifungwe, basi, paa linavuja, walimu wanaomba uhamisho kabla hata hawajapata meza ya kukalia, na matokeo ndiyo yale yale ya kila mwaka, ya mwisho wilaya nzima, hata mtu angekuwa na huruma ya namna gani... alimwambia mumewe asubuhi, "Leo naifunga ile shule, na mimi mwenyewe najifunga, sigombei tena," na mumewe, ambaye sikio la kushoto limeshastaafu siku nyingi, akasema, "Unafunga nini?" yeye akaona uvivu hata kurudia, akamjibu, "Mlango, baba, nafunga mlango," naye akaitikia, "Ufunge vizuri, paka anaingia."

"Mimi si msemaji," kinyozi anasema, "mimi kazi yangu ni vichwa vya watu," na ukumbi unacheka, hata mkurugenzi anacheka kidogo kwa adabu, kicheko cha mtu anayetaka ufupishe, "lakini nimekaa pale nyuma nasikia bondeni hawafundishi, bondeni watoto wazito, nikasema hapana, nisiondoke na hili moyoni"... wazito, nani alisema wazito, alisema yule mjumbe mwenye duka la simenti, na Mwenyekiti hakumkatiza, zamani angemkatiza, zamani alipokuwa mwalimu wa darasa la kwanza mtu akisema mtoto mzito mbele yake alikuwa anamuuliza umempima kwenye mizani gani, siku hizi anaacha maneno yapite, ukikatiza kila neno la kipuuzi kwenye vikao hivi utalala hapa hapa, na ukutani nyuma ya kinyozi bado ile picha ya projekta imewaka, hakuna aliyekumbuka kuizima, nguzo za rangi, kila shule na nguzo yake, ya bondeni ni kisiki chekundu pale chini, na ya kijani iliyozipita zote ni ya shule ya mjini, shule anayoiongoza binti yake, na kila picha ile inapowekwa ukutani Mwenyekiti hujitahidi asiitazame sana, watu wasije wakasema, ingawa wanasema tu, na yeye hutazama tu, mara moja, haraka, kama mtu anayejitupia jicho kwenye kioo, kisha anamtafuta mwenyewe, yule pale, safu ya pili, pembeni, mwalimu mkuu wa shule ya mjini, mkoba mapajani, amekonda, Mungu wangu, huyu mtoto amekonda lini.

"Binti yangu si wa bondeni," kinyozi anasema, "ninyi mnamwona kwenye hesabu za bondeni, lakini bondeni ameingia muhula wa mwisho, mtihani uko mlangoni," na mkurugenzi anasogeza kipaza sauti chake, "Sawa, mzee wetu, uhamisho ni jambo la kawaida, tujikite kwenye hoja," na kinyozi anasema, "Hoja ndiyo hiyo, bwana mkurugenzi, nakuja," na Mwenyekiti anawaza habari za chakula cha jioni, hajatoa nyama kwenye friji iyeyuke, mumewe atakula mikate na chai na kudai ameshiba, halafu anajikuta anawaza jikoni, Jumapili, binti yake amekunja mikono ya blauzi anaosha vyombo na yeye anafuta sahani, dirisha limejaa mvuke, binti yake akasema bila kugeuka, "Mama, mwaka huu angalau nimepumua, nimepunguza mizigo," akamuuliza mizigo gani, akasema, "Ya shule tu, mama, si unajua," akacheka, kicheko kifupi, kikavu, na yeye hakuuliza tena, alimwambia vizuri, mwanangu, usijiue na kazi, kazi itabaki hapa wewe ukiondoka, maneno ya kila mama, akaweka sahani kabatini...

"Walimwita mama yake," kinyozi anasema, na sauti yake sasa haina mzaha, "wakamwambia, mama, huyu mtoto atatuangushia wastani, mtafutieni shule inayolingana naye, ndivyo walivyosema, inayolingana naye, kama kiatu," na ukumbi haucheki, kuna mwanamke huko nyuma anasema "Hata wangu" kwa sauti ya chini, na mwingine anasema "Sema, baba," na mkurugenzi anasema, "Tafadhali, tafadhali, tusiingie kwenye mambo ya mtu binafsi, na tusitaje shule ambayo haimo kwenye ajenda," na kinyozi anasema, "Sijataja shule, mheshimiwa, wala sitaji, mimi nasema sare tu, binti yangu alikwenda bondeni na sare yake ya bluu yenye mstari mweupe kwenye kola, kwa sababu hatukuambiwa mapema tushone nyingine, na darasani kwake bondeni, nimekwenda nimeona kwa macho yangu, watoto wote wamevaa kaki, ila benchi la nyuma, mheshimiwa, benchi la nyuma ni bluu tupu."

Bluu tupu, na Mwenyekiti lile benchi aliliona, alilipita, kwenye ziara ya ukaguzi, alisimama mlangoni pa darasa lile lile na mwalimu mkuu wa bondeni, yule mrefu wanayemwita Mlingoti, akaona kaki, kaki, kaki, halafu bluu kule nyuma, akadhani ni nguo za kurithi, kaka alisoma mjini mdogo anavaa, akamsifu Mlingoti, "Hongera, mwalimu, hukuwafukuza kwa ajili ya sare," na yule bwana akasema, "Hapa hatumrudishi mtu, Mwenyekiti," na yeye akatabasamu, akaandika maneno mawili matatu kuhusu paa, akaondoka, jamani, alikuwa anamwambia, mtu wa watu alikuwa anamwambia kwa heshima zake zote, na yeye amesimama pale na mkoba begani anazungumza habari za nguo, bluu yenye mstari mweupe, sare ambayo yeye mwenyewe ameizoea kuliko nguo za wajukuu zake, kuna bendera ya rangi hiyo hiyo juu ya meza ya binti yake, na mizigo, nimepunguza mizigo, mama... watoto, alikuwa anasema watoto.

Na nani amemfundisha kuhesabu hivyo, swali linakuja lenyewe, hakuliita, kwa sababu jibu limekaa hapa hapa kwenye kiti hiki cha mwenyekiti, fedha zifuate matokeo, yeye ndiye aliyesimama katika ukumbi huu akasema fedha zifuate matokeo, shule inayofaulisha iongezewe, inayofelisha ijieleze, na watu walipiga makofi, na yeye alimaanisha, alitaka kuwaamsha wale walimu wakuu wanaokunywa chai mpaka saa nne, hakuwa na nia mbaya hata chembe, hakuwaza kwamba kuna njia mbili za kupandisha wastani, moja ya kumfundisha mtoto na nyingine ya kumtoa, na ya pili haichoshi, inataka barua moja tu na mzazi mpole, na binti yake alipopewa shule ya mjini mwaka wa kwanza matokeo yaliyumba, maabara ikakatiwa fungu, akapiga simu akilia, mtu mzima analia kwenye simu, "Mama, wananiangalia kama ninabebwa na wewe," na yeye alimwambia nini, alimwambia pandisha matokeo, mwanangu, hakuna dawa nyingine, pandisha matokeo, wote watanyamaza, na yakapanda, na wote wakanyamaza, yeye wa kwanza.

Huyu huyu aliyekuwa hajui kusoma mpaka darasa la tatu, nani anakumbuka, labda yeye peke yake, mtoto wa mwalimu na hasomi, anashika kitabu anakisikiliza kama anangoja kimwambie, na yeye mama alikuwa anaona haya kupita ofisi ya walimu, akaenda kwa mwalimu wa darasa, yule bibi mkali wanafunzi walimwita Pilipili, akamwomba amrudishe darasa la chini, au amtafutie shule nyingine, popote, na Pilipili hata hakuinua kichwa kwenye madaftari, akasema, "Huyu atatoka kwangu anasoma, la sivyo mimi ndiye nitatoka nimestaafu, chagua utangoja lipi," na akamweka mbele kabisa, si nyuma, mbele, karibu na ubao, akamsumbua mwaka mzima, akamvuta sikio, akampa karanga zake mwenyewe, mpaka siku mtoto amekaa kwenye ngazi za nyumba anasoma kwa sauti karatasi iliyofungia sabuni, anaisoma tena na tena, anacheka peke yake... angekuwa mtoto leo, katika shule ya mjini ya leo, angekaa wapi, angekaa bondeni, benchi la nyuma, na sare yake ya bluu.

"Mwenyekiti," mkurugenzi ananong'ona, kipaza sauti amekifunika kwa kiganja, "tumshukuru tuendelee na kura, muda umekwisha, magari ya wajumbe yanangoja," na yeye anatikisa kichwa, hajui ametikisa kukubali au kukataa, anatazama kile kisiki chekundu ukutani, wakiifunga bondeni nguzo ile itatoka kwenye picha, picha itapendeza, na mwakani itatafutwa shule nyingine ya kuwa chini, maana chini hapakai wazi, na wale wa benchi la nyuma watagawanywa, watapokelewa kwa hotuba, na muhula wa mwisho ukifika mama zao wataitwa ofisini tena, lakini safari hii hakutakuwa na Mlingoti wa kusema hapa hatumrudishi mtu, watakwenda wapi, watakaa nyumbani, watadeki, na anamwona binti wa kinyozi ingawa hajawahi kumwona, amevaa ile bluu yenye mstari anasugua sakafu ya saluni ya baba yake.

Anaweza kunyamaza, hilo nalo lipo, aseme asante mzee wetu tumekusikia, anyooshe mkono, ifungwe, asigombee tena, akapumzike, binti yake abaki na nguzo yake ya kijani na jina lake, hakuna atakayejua zaidi ya kinyozi na akina mama wawili watatu huko nyuma, na wao wameshazoea kutosikilizwa, na anamtazama binti yake, na binti yake anamtazama yeye, hakwepi, hiyo ndiyo inayomshangaza, alitegemea atakuwa ameinamia simu au anapekua mkoba, kumbe amemkazia macho tangu lini hajui, na macho yale hayaombi afichiwe, wala hayana ubishi, yamechoka tu, yamechoka uchovu ule ule alioufunga yeye mwenyewe asubuhi mbele ya kioo pamoja na kilemba, na Mwenyekiti anaelewa kwamba Jumapili pale jikoni binti yake alikuwa anamngoja aulize mara ya pili, mizigo gani, mwanangu, hebu geuka uniambie, na yeye akaweka sahani kabatini.

Kinyozi amemaliza lakini hajakaa, kipaza sauti bado anacho, mkurugenzi amenyoosha mkono wa kukipokea, ukumbi unakohoa na kusogeza viti, na Mwenyekiti anapanga maneno, ataanza na la kwake, lazima aanze na la kwake, utaratibu uliomwondoa binti yako niliuleta mimi, baba, kwa mkono wangu na makofi ya ukumbi huu, kisha atasema shule yenye sare ile ni ya nani na huyo nani ni nani yake, alitamke mwenyewe kabla mjumbe wa simenti hajamtamkia, na kura yake itakuwa hapana, bondeni haifungwi leo, na bado hilo halitaziba paa wala kumwongezea Mlingoti mwalimu hata mmoja, na kesho simu hazitapumzika, na nyumbani kwake Jumapili huenda pakawa na sahani mbili tu, yake na ya mumewe, anayajua yote hayo na bado kidole chake kimeshafika kwenye swichi ya kipaza sauti, taa yake ndogo inawaka.

"Kura ingoje kwanza," anasema, na sauti inatoka kavu, "kuna mwalimu mkuu mmoja humu ndani nataka kumuuliza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza zamani," na kabla hajataja jina la shule, pale pembeni mwa safu ya pili, binti yake ameuweka mkoba chini na ameanza kusimama.