Kitufe cha Mdogo Wangu
Mdogo wangu alifika na stata mpya, mota ya umeme ya kuwashia injini, ameipakata kama mtoto mchanga, na mama akampokea kwa vigelegele. Mimi sikumbuki kupigiwa vigelegele vya namna ile hata siku niliyooa.

Trekta letu ni kuukuu kuliko mimi. Injini yake kubwa ya dizeli haiwaki yenyewe. Ubavuni ina injini ndogo ya petroli ambayo unaiwasha kwanza, inapata moto, kisha unavuta wenzo ili iizungushe ile kubwa mpaka iwake. Na hiyo ndogo inawashwa kwa kamba. Ukivuta vibaya, inakurudi na kukuvunja mkono. Tangu baba afariki, aliyeiweza ni mimi peke yangu. Kila msimu wa kulima mama alinigongea mlango alfajiri: "Mwanangu, amka uniwashie." Nikishawasha, napanda kitini na kulima mpaka jioni. Majirani wakaniita Kamba, nami nilijidai na jina hilo, sidanganyi.

Sasa injini ndogo ilikuwa hoi. Ringi zimekwisha, silinda imechimbika, inatema moshi na haina nguvu hata ya kumfukuza kuku. Nikasema tuifungue, tuichonge silinda, tutafute ringi nyingine. Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme wa magari, akacheka.

"Kaka, hicho chuma tukipumzishe. Tunaweka stata na betri, mtu anabonyeza kitufe, basi."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

Neno hilo lilinichoma mpaka mfupani.

Akaing'oa injini ndogo, akachomelea kishikizo, akafunga stata yake. Mama, ambaye hajawahi kuniletea hata maji ya kunawa nikiwa chini ya trekta, akampelekea chai, akamshikia tochi, akamsifia mikono. Nikaona wivu. Nikakaa juu ya ndoo nikitafuta kasoro, na nikaiona: waya wa hasi ameufunga kwenye fremu juu ya rangi, bila kukwangua. Umeme hautapita hapo. Nikanyamaza, roho ikasuuzika.

Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akakagua betri, akakagua stata, jasho likimtiririka. Nikageukia pembeni nisionekane ninavyotabasamu. Nilitaka aaibike. Nilitaka mama aje kwangu aseme afadhali ile kamba.

Mama akaja kweli. Akaniinamia, akaniuliza taratibu, "Fundi wangu, wewe umeona nini?"

Fundi wangu! Tena mbele ya mdogo wangu! Kichwa kikavimba. Kabla sijafikiri nilishanyanyuka na bisibisi, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza nati.

"Mtoto wa juzi wewe," nikamwambia, "umeme haupiti kwenye rangi."

"Asante, kaka," akasema, na wala hakukasirika, jambo lililonikera zaidi. Akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Hebu nipisheni," mama akasema.

Akavua kandambili, akakusanya gauni, akapanda kitini bila kushikwa mkono. Akabonyeza. Injini kubwa ikakohoa, ikakoroma, ikashika. Akakanyaga klachi, akaingiza gia bila kuitazama, akaelekea shambani. Tukamfuata mbio, sote wawili midomo wazi. Akashusha jembe, na udongo ukaanza kupinduka kwa mstari ulionyooka kuliko wangu.

"Mama! Umejifunza lini?" nikapiga kelele.

"Baba yenu alinifundisha hujazaliwa bado! Kamba tu ndiyo iliyonishinda! Na wewe ukishawasha, kiti hukiachii!"

Nikasimama palepale. Miaka yote nilidhani ananihitaji, kumbe alikuwa ananivumilia. Mdogo wangu alikuwa akipiga makofi, anacheka kwa furaha, na sikuwa na wivu naye tena hata chembe. Wivu wote ulihamia kwa mama, pale juu, akiimba kitu nisichokisikia kwa kelele za injini. Sikuwahi kumwona ana furaha namna ile nikimlimia mimi.

Alifika mwisho wa shamba, akageuza, akaja moja kwa moja nilipo.

"Toka hapo, mwanangu," akasema, "unanizibia njia."

Nikatoka.